Chukua chako, rudisha chenji: mnada wa kodi na kesi za Marekani tunazozisoma vibaya

Tangu Oktoba 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokubali kusikiliza kesi ya familia ya Pung dhidi ya Kaunti ya Isabella huko Michigan, nimekuwa nakutana na maelezo ya ajabu ajabu kwenye magrupu. Mmoja anasema Marekani inaelekea kupiga marufuku serikali kuuza nyumba ya mtu kisa kodi, mwingine anajibu basi na huku kwetu tuige, wa tatu anakuja juu kwamba hao ni wakwepa kodi wanatafuta upenyo. Wote watatu wamekosea sehemu moja. Hakuna jaji pale aliyesema serikali isikamate wala isiuze, na hakuna wakili aliyeomba hivyo. Deni la kodi ni deni, ukigoma kulipa mali yako inakamatwa na inapigwa mnada, iwe Minneapolis, iwe Mombasa, iwe Kariakoo, na hilo halina mjadala. Ugomvi ni wa chenji. Yaani ukishauza nyumba ya mtu kwa deni la dola elfu mbili, kilichobaki ni cha nani, na kinahesabiwa kwa bei ipi. Mimi naona hili la pili ndo zito kuliko la kwanza na ndo watu wanalipita hivi hivi, kwa sababu haki ya kurudishiwa chenji ni karatasi tu kama aliyekamata mali ndiye huyohuyo anayepanga iuzwe lini, iuzwe vipi, iende kwa shilingi ngapi, na mwenye mali apewe siku ngapi za kudai.

Tuanze na kesi iliyofungua mlango. Mwaka 1999 bibi mmoja wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, jina lake Geraldine Tyler, alinunua fleti yake akakaa humo zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2010 akahamia kwenye makazi ya wazee, umri ulikuwa umeenda, na baada ya hapo kodi ya ile fleti ikawa haina wa kuilipa. Kufika 2015 kodi yenyewe ilikuwa kama dola 2,300 lakini juu yake zilishapanda riba, faini na gharama za kama dola 13,000, jumla elfu kumi na tano na ushee. Kaunti ya Hennepin ikachukua fleti, ikaiuza dola 40,000, ikafuta deni, halafu ile 25,000 iliyobaki ikabaki nayo. Na hapa ndipo watu wanaposhtuka: haikuvunja sheria ya jimbo lake. Sheria ya Minnesota ndo ilivyokuwa inasema, ukishindwa kulipa na muda wa kukomboa wa miaka mitatu ukapita basi umiliki wote unahamia serikalini, na hela ya mauzo inagawanywa kati ya kaunti, mji na wilaya ya shule. Bibi hana hata senti. Na haikuwa Minnesota peke yake, majimbo kama kumi na mawili hivi pamoja na mji wa Washington D.C. yalikuwa na utaratibu wa namna hiyo. Huko Washington kulikuwa na mzee mmoja, mwanajeshi wa zamani wa Marine, aliyepoteza nyumba ya karibu dola 197,000 kwa deni lililoanzia dola 134.

Tarehe 25 Mei 2023, bibi akiwa na miaka 94, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakasema kaunti imekosea. Wote tisa, mahakama ambayo kila siku tunasoma imegawanyika sita kwa tatu. Jaji Mkuu John Roberts aliandika hukumu kwa kutumia Marekebisho ya Tano ya Katiba yao, kile kipengele kinachosema serikali haichukui mali ya mtu kwa matumizi ya umma bila fidia ya haki. Akachimba historia mpaka Magna Carta ya 1215, iliyomruhusu ofisa wa mfalme kuchukua mali ya marehemu aliyekuwa na deni, ila kiasi cha deni tu na kinachobaki waachiwe wasimamizi wa mirathi, akaja na sheria ya bunge la Uingereza ya 1692 iliyoagiza kinachozidi baada ya mnada wa kodi kirudi kwa mwenyewe. Lakini mimi kilichonifurahisha zaidi ni pale alipoigeuzia Minnesota kioo: benki ikiuza nyumba ya mkopaji hapohapo Minnesota inatakiwa irudishe kinachobaki, hata deni la kodi ya mapato likilipwa kwa kuuza mali ya mtu kinachobaki kinarudi, sasa ikifika zamu ya kaunti na kodi ya nyumba ndo ghafla chenji inapotea? Serikali haiwezi kujitungia sheria ya kujitoa kwenye kanuni inayowabana wengine wote. Majaji Neil Gorsuch na Ketanji Brown Jackson, watu ambao kwa mengi hawakai benchi moja, wakaongeza maoni yao kwamba hata kama isingekuwa kuchukua mali, ile ingeweza kuwa faini iliyopitiliza. Wahenga walishasema mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, na mwaka 2024 Minnesota ikatenga dola milioni 109 kuwalipa watu waliokumbwa na mchezo huohuo.

Watu wengi wanafunga kitabu hapo. Kosa. Maana ndani ya hukumu hiyohiyo kuna kesi ya zamani ambayo Roberts hakuifuta, aliitofautisha tu, nayo ni ya Nelson dhidi ya Jiji la New York ya mwaka 1956. Pale New York walichukua majengo kwa sababu ya bili za maji ambazo hazikulipwa, wakabaki na thamani yote, na mahakama ikasema sawa tu. Kwa nini sawa? Kwa sababu sheria ya New York ilimpa mwenye jengo nafasi ya kuja mahakamani ndani ya muda fulani aseme mkiuza nataka changu kilichozidi, na hakuja. Kwa iyo tafsiri yake ni kwamba serikali haitakiwi kukuzuia kabisa usidai chenji, ila inaweza kukuwekea mlango wa kudai. Huo mlango una upana gani, unafunguliwa lini na unafungwa lini, hilo halikuamuliwa 2023. Na ukimwachia mtu mwenye faida yeye ndo apime upana wa mlango utashangaa atakavyoupima.

Angalia Michigan. Mwaka 2020, miaka mitatu kabla ya kesi ya bibi, mahakama ya juu ya jimbo hilo ilishaamua kesi ya Rafaeli dhidi ya Kaunti ya Oakland. Deni la kodi lilikuwa dola 8 na senti 41. Sijakosea kuandika, dola nane. Ikapanda kwa riba, faini na ada ikafika dola 285 na senti 81, kaunti ikauza nyumba dola 24,500 ikabaki nazo zote. Mahakama ikasema hapana, rudisheni. Basi mwisho wa mwaka huohuo bunge la jimbo likatunga utaratibu wa kudai: unajaza fomu namba 5743, unaipeleka kwa mthibitishaji aigonge muhuri, unaituma kwa posta ya rejista au unaikabidhi mkono kwa mkono, na mwisho ni tarehe 1 Julai, wakati nyumba imeshakutoka rasmi tarehe 31 Machi ya mwaka huohuo. Mwaka unaofuata ndo unarudi mahakamani kuomba hela yenyewe, na kaunti inakata asilimia 5 ya bei ya mauzo kama kamisheni. Tatizo liko kwenye hiyo Julai mosi. Inafika kabla hata nyumba haijapigwa mnada, yaani unatakiwa udai chenji ya kitu ambacho hakijauzwa na hujui kitauzwa ngapi, na usipodai imekula kwako. Sasa jiulize mtu gani anafikia hatua ya kunyang'anywa nyumba kwa kodi ya miaka kadhaa. Mara nyingi ni mgonjwa, au mzee aliyeanza kusahau, au warithi wanaogombana na hati bado ina jina la marehemu. Mtu aliyeshindwa kujibu barua za kodi miaka mitatu mfululizo ndo unamtegemea awahi fomu na muhuri ndani ya miezi mitatu?

Ndo hapo inapoingia Pung. Deni lilikuwa kama dola 2,242, na lenyewe lilikuwa na utata kwa sababu lilitokana na mgogoro wa msamaha wa kodi ya makazi ambao familia ilikuwa imeshaushinda kwa miaka ya nyuma yake. Nyumba ilikuwa imekadiriwa na serikali yenyewe kuwa na thamani ya dola 194,400. Kwenye mnada ikaenda kwa dola 76,008, na aliyenunua baadaye akaiuza 195,000. Kaunti inasema sisi tumeshamaliza, tulipata sabini na sita elfu, tukate deni letu, chenji yenu elfu sabini na tatu na kitu hii hapa, mnataka nini tena. Familia inasema mlichochukua kwetu ni nyumba ya laki moja na tisini na kitu, kama mmeitupa kwa bei ya mnada hilo ni lenu, fidia ya haki inapimwa kwa thamani ya kilichochukuliwa na si kwa bei ya dalali. Unaona tofauti? Kesi ya bibi iliuliza kama chenji irudi. Hii inauliza noti uliyotoa ilikuwa ya shilingi ngapi. Ni kama ile ya daladala, umetoa elfu kumi konda anakurudishia chenji ya elfu tano, na anaapa kabisa kwamba amekurudishia chenji.

Sasa tuwe wakweli, upande wa kaunti una hoja, na zipo zenye nguvu. Ya kwanza ni kwamba mnada wa lazima hauwezi kutoa bei ya soko, haujawahi na hautawahi. Mnunuzi wa mnadani mara nyingi haruhusiwi hata kuingia ndani aangalie kama bomba zinavuja, hati anayopewa mabenki yanaiogopa, anatakiwa alipe cash chapchap, kwa iyo lazima akate bei. Mahakama ya Juu ilishakubali mantiki hiyo mwaka 1994 kwenye kesi iitwayo BFP, iliyohusu sheria ya ufilisi na nyumba zinazouzwa kwa sababu mkopo wa benki haukulipwa, pale Jaji Antonin Scalia aliposema mali inayouzwa kwa lazima thamani yake ni ile inayopatikana kwenye uuzaji wa lazima uliofuata taratibu. Hoja ya pili ni ya mfuko. Ukisema kaunti ilipe tofauti yote ya Pung, hiyo ni 194,400 ukitoa 76,008, dola 118,392 ambazo kaunti haikuzipata kabisa, aliyezipata ni mnunuzi. Zitatoka wapi? Kwa majirani waliolipa kodi zao kwa wakati. Hilo si jambo dogo kwa kaunti ya vijijini, na mtu akiniambia kwamba ni dhuluma kumlipisha mwalimu mstaafu aliyelipa kodi yake ili kufidia mnada mbovu, siwezi kumcheka.

Ila hoja hiyohiyo ina shimo. Kwenye BFP majaji waliandika pembeni kwamba mambo yanaweza kuwa tofauti kwa mauzo mengine ya lazima kama ya kodi, yaani walijua hawazungumzii hilo. Na sababu yake iko wazi ukifikiria kidogo. Benki inapouza nyumba ya mkopaji ina hamu ya bei kwa sababu mkopo unaweza kuwa karibu sawa na thamani ya nyumba, kila dola inayopotea mnadani inaweza kuwa hasara yake. Mkusanya kodi anayedai elfu mbili kwenye nyumba ya laki mbili hana hamu yoyote. Nyumba ikienda kwa elfu tano yeye kapata chake, ikienda kwa laki mbili kapata chake kilekile. Hasara yote anaibeba mwenye nyumba, ambaye ndiye mtu pekee hayupo kwenye meza ya kupanga mnada. Kwa iyo kusema bei ya mnada ndo thamani kwa sababu taratibu zilifuatwa ni sawa na kumwamini mtu auze ng'ombe wa mwenzie wakati yeye anachotaka ni kwato tu.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ambayo kwa bahati mbaya ndo inapendwa zaidi, eti ukiwarudishia watu chenji, tena kwa thamani halisi, wataacha kulipa kodi kwa sababu hakuna cha kuogopa. Naomba anayesema hivyo anitajie mtu mmoja mwenye akili timamu ambaye atakaa ndani ya nyumba yake asubiri miaka mitatu riba na faini zipande mara sita ya kodi, kama zilivyompanda yule bibi, atolewe nje vitu vyake vikae barabarani, akatwe gharama za mnada na kamisheni, halafu ndo arudishiwe kilichobaki, wakati angeweza kumpigia dalali akauza mwenyewe mwezi mmoja. Hofu ya kupoteza nyumba inabaki palepale. Faini inabaki palepale. Na binamu yake hoja hii ni ile kwamba mwenye nyumba ameitelekeza, kama haitaki si bora ichukuliwe jumla. Kaunti ya Hennepin ilijaribu hii na Roberts akaikataa kwa sentensi chache, kwamba kutolipa kodi sio kutelekeza mali, kutelekeza kunapimwa kwa mtu kuiachia mali isitumike na kutojihusisha nayo, sheria ya Minnesota yenyewe haikuwa inauliza kabisa kama mtu bado anaishi humo ndani au la. Unaweza kuwa umelala kitandani kwako usiku wa mwisho wa muda wa kukomboa na asubuhi umetelekeza.

Wanaosema bei haiwezi kudhibitiwa kwenye mnada wa serikali nawashauri waangalie serikali kuu ya hukohuko Marekani. Watu wanaiogopa sana IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, filamu zote yeye ndo mbaya, ila ukisoma sheria yake utakuta imefungwa mikono kuliko kaunti ndogo yoyote. Haiwezi kukamata nyumba unayoishi kama deni halizidi dola 5,000, na likizidi bado inahitaji idhini ya maandishi ya jaji wa mahakama ya wilaya ya shirikisho. Haiwezi kukamata kama gharama za kukamata na kuuza zinazidi thamani ya kitu. Tangu mageuzi ya 1998 inatakiwa kukupa notisi ya siku 30 kabla na nafasi ya kusikilizwa. Na hili ndo la muhimu kwetu leo, kabla ya mnada inatakiwa kupanga bei ya chini, wanunuzi wasipoifikia mali haiendi kwa bei ya kutupa, serikali yenyewe inainunua kwa bei hiyo au inamwachia mwenyewe. Baada ya mnada wa nyumba au ardhi una siku 180 za kukomboa kwa kumlipa mnunuzi alichotoa pamoja na riba ya asilimia 20 kwa mwaka. Kinachobaki kinarudi kwako. Na serikali ya Marekani bado inakusanya kodi, haijafa njaa. Zamani hata majimbo yalijua hili, kesi ya mwaka 1808 kuhusu ardhi ya Georgia ilishasema mkusanya kodi akiuza shamba zima wakati kipande kingetosha kulipa deni amevuka mamlaka yake. Fleti huwezi kuikata vipande, ni kweli, lakini wazo ni lilelile, uza kiasi cha deni na usiuze kama unatupa.

Kuna kipande cha notisi pia ambacho nitakipitia haraka. Mwaka 2006 kwenye kesi ya Jones dhidi ya Flowers, ya Arkansas, jimbo lilituma barua za rejista kwa mwenye nyumba zikarudi hazijachukuliwa, likaendelea kuuza nyumba ya dola 80,000 kwa dola 21,042 na senti 15. Mahakama ikasema barua ikirudi mkononi mwako umeshajua hajaipata, chukua hatua nyingine ya maana, bandika mlangoni basi. Ndugu zetu walioko Minnesota, Texas na kwingineko, ambao wengine wananunua nyumba wakahamia jimbo jingine kwa kazi au wakarudi Nairobi na Dar mwaka mzima, hii inawahusu moja kwa moja kuliko hukumu zote za chenji, kwa sababu anwani ya zamani ndo inayomaliza watu.

Turudi nyumbani sasa, maana najua kuna mtu anasoma anasema hayo ya Marekani yanatusaidia nini. Kwa Kenya, Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, kifungu cha 41, inampa kamishna nguvu ya kukamata na kuuza mali inayohamishika ya mdaiwa. Mali inakaa siku kumi kwa gharama ya mwenyewe, akishindwa kulipa inaenda mnada wa hadhara, hela inalipa kwanza gharama za kukamata na kuuza, kisha kodi, kilichobaki anapewa mlipakodi. Kwenye karatasi sisi tumewazidi Minnesota ya kabla ya 2023, chenji ipo tangu mwanzo. Bandarini vilevile. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, inayotumika Mombasa, Dar na kwingine ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kifungu cha 42 kinasema mzigo uliowekwa kwenye ghala la forodha usipotolewa ndani ya siku 30 kamishna anatoa tangazo, zikipita siku 30 nyingine unahesabiwa umetelekezwa na unaweza kuuzwa kwa mnada. Hela ya mauzo ina foleni yake, ushuru mbele, gharama za kuhamisha na kuuza, kodi ya ghala, tozo za bandari, nauli ya meli, na kama kuna kilichobaki ni cha mwenye mzigo. Ila apeleke ombi ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya mauzo, asipopeleka inaingia kwenye mapato ya forodha. Unaona mlango wa Nelson huo? Mwaka mmoja ni mpana kuliko miezi mitatu ya Michigan, nakubali, lakini mfumo ni uleule. (Na hapa naongelea mzigo uliochelewa tu, sio wa magendo, ule wa magendo ukitaifishwa hauna chenji, na ndo maana ni muhimu mtu ajue kabisa karatasi aliyopewa inasema mali imeshikiliwa kwa deni, imetelekezwa, au imetaifishwa, ni vitu vitatu tofauti na madalali wa bandarini wanapenda kuvichanganya.)

Kwa iyo tatizo letu sio sheria kukosa chenji. Tatizo letu ni lile la Pung, bei. Miaka kadhaa nyuma nilienda mnada mmoja wa magari Dar, wa nani niache, nikakuta jamaa kama watano wamesimama pamoja kivulini wanatajiana namba za magari kabla dalali hajafika, na dalali alipofika gari tano zilienda kwao moja moja bila mtu kupandisha dau hata mara ya pili. Pale hakuna taratibu iliyovunjwa inayoonekana kwa macho, tangazo lilitoka, nyundo iligongwa, risiti ilitolewa. Chenji ya mwenye gari ilikuwa sifuri kwa sababu bei iligota palepale kwenye ushuru na gharama. Ukimwambia yule mtu sheria inakupa haki ya kilichobaki atakuuliza kilichobaki kiko wapi.

Na tunapopiga kelele tunazipigia sehemu ya mwanzo tu. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja, na malalamiko makubwa yalikuwa kamatakamata, mtu katoka na mzigo dukani anasimamishwa njiani anadaiwa risiti. Kelele zilikuwa za haki. Lakini kwenye mjadala ule wote ni wachache walioongelea mzigo ukishakamatwa unaendaje mpaka unauzwa, nani anakadiria thamani yake, na anayepinga deni afanye nini mali isiuzwe kabla kesi yake haijaisha. Kwa Tanzania anayepinga makadirio anatakiwa kwanza aweke theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichobishania, kipi kikubwa, na ingawa kamishna anaweza kupunguza au kusamehe sharti hilo, mfanyabiashara ambaye mtaji wake wote uko kwenye kontena lililozuiliwa hiyo theluthi ataitoa wapi. Katiba ya Tanzania ibara ya 24 inasema mtu hanyang'anywi mali isipokuwa kwa idhini ya sheria inayoweka fidia inayostahili. Sijaona kwa nini wakili mzuri asiisimamishe ibara hiyo mbele ya mnada wa bei ya kutupa, kama familia ya Pung walivyosimamisha ya kwao.

Mimi sidai kamishna alipe bei ya soko kila mara, hoja ya mwalimu mstaafu bado inaniuma. Nadai tuchukue wazo la bei ya chini ambalo IRS inalitumia bila kufilisika, kisha tuliongezee nguvu: bei ya chini ipangwe na mtu ambaye si dalali wala si mkamataji, itangazwe kabla, isipofikiwa mnada uvunjwe na urudiwe, na mwenye mali aruhusiwe kuleta mnunuzi wake mwenyewe hadi dakika ya mwisho. Hayo naona yanaweza kuwekwa kwenye kanuni bila kugusa sheria mama. Kwa mwenye gari au kontena lililouzwa bandarini mwaka huu, wakati hayo yanasubiriwa, kazi ni kuomba kwa maandishi hesabu ya mauzo yenye bei, tarehe na makato yote, na kupeleka ombi la kilichobaki hata kama hana uhakika kama kipo, maana ule mwaka mmoja unahesabiwa tangu siku nyundo ilipogongwa na sio siku aliyopata habari.